Mpishi Aliyekuja Kufia Kwetu

Mpishi alihamia kwetu Tandika kwa sababu moja tu: alikuja kufa. Halikuwa jambo la siri. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua, akaitazama picha kwenye mwanga, akawaambia wanawe wamtafutie mahali patulivu, maana alichobakiza ni miezi. Mkewe alikuwa ameshatangulia, nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa inavunjwa, na wanawe kila mmoja alikuwa na sababu zake za kusema nyumbani kwake hapana nafasi. Baba yangu hakuwa ndugu yake. Walikuwa marafiki wa barazani tu, wa kunywa kahawa na kubishana mpira. Lakini baba ndiye aliyesema, "Mleteni kwangu. Kile chumba cha uani kiko wazi. Akae bure mpaka Mungu atakapomchukua."

Mie nilikuwa na miaka ishirini na minne, ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ukarani kwenye shule ya sekondari. Yeye alikuwa na sitini na nane, kwa mujibu wa cheti cha hospitali. Kile chumba nilikifagia mwenyewe. Nilipotaka kukipaka chokaa mama akanizuia. "Usijichoshe," alisema. "Tutapaka mara moja tu, msiba ukishapita."

Alikaa miaka thelathini na sita.

Wiki za kwanza alilala tu, anakohoa, anageuka ukutani. Mama alimpelekea uji asubuhi na jioni, na yeye aliunywa bila neno. Halafu mchana mmoja mama akampelekea wali na mchuzi wa samaki. Tukasikia kitanda kinalia, kitasa kinazunguka, na yule maiti mtarajiwa akatokea uani, sahani mkono mmoja, ukuta mkono mwingine.

"Shemeji," alimwambia mama, "mie sina ugomvi na kufa. Lakini siwezi kwenda mbele ya Mola na mchuzi huu tumboni. Hivi tui la kwanza na la pili umeyamimina kwa mkupuo mmoja?"

Mama alinuna wiki nzima. Mpishi hakujali. Kesho yake alijikokota mpaka jikoni, akaikalia mbuzi ya kukunia nazi, akawa anakuna huku anakohoa. Baada ya mwezi kikohozi kikapungua. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatuma salamu kwa wateja wake wa zamani kwamba bado yupo na bei haijabadilika. Mama alidai mpaka siku anafariki kwamba uji wake ndio uliomponya. Mpishi alikubali, kwa njia yake: "Ni kweli, shemeji. Niliuogopa."

Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, maulidi, hitma, misiba. Kuanzia Tandika mpaka Mtoni, ukisema Mpishi, hakuna aliyeuliza mpishi yupi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko urefu wake, na hakuwa na nyusi. Moto wa kuni ulizila zamani na zikakataa kuota tena, kwa hiyo uso wake ulikuwa na mshangao wa kudumu. Ukimwambia mvua inakuja, alionekana ameshtuka. Ukimwambia fulani kafariki, sura ilikuwa ileile.

Hakuonja chakula. Alifunua kifuniko, akaingiza pua kwenye mvuke, akafumba macho, akasema "chumvi" au "acha". Mtu aliyelisha mamia kwa siku moja, mwenyewe alikula kama kifaranga, tena wima, kiganja kikiwa ndiyo sahani. Na jambo lililotuchekesha zaidi ni kwamba hakuwa na subira hata chembe. Mtu aliyepewa muda ambao hakuna mwenzake aliyepewa, alikunywa chai ikiwa bado inatokota kwa sababu hawezi kuingoja ipoe. Foleni ya zahanati alikaa dakika kumi, akainuka. "Mie nina shughuli zangu," alisema, naye alikuwa na miaka tisini na moja na hakuwa na shughuli hata moja.

Alipokuja kwetu alikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku mlikuwa na sanda yake. Bafta safi, imekunjwa pamoja na karafuu na vipande vya udi. Aliinunua mwenyewe Kariakoo siku aliyotoka kwa daktari, ili asimsumbue mtu. Sanda ile haikumaliza mwaka. Jirani yetu wa upande wa pili alianguka ghafla siku ya Idi, maduka yote yamefungwa, na watu wakawa wanazunguka hawajui wafanyeje. Mpishi akafungua sanduku. "Chukueni. Mwenyewe sijaihitaji leo."

Wiki iliyofuata akanunua nyingine. Nayo ikaenda. Ikawa mazoea: msiba ukitokea ghafla mtaani, mtu anatumwa uani kwetu. Baba alipofariki, miaka kumi na mmoja baada ya kumkaribisha Mpishi aje afie kwetu, sanda aliyozikwa nayo ilitoka kwenye sanduku lile. Baba alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitatu. Mpishi alipika hitma yake, na pilau ile ilikuwa na chumvi ya kukuna koo. Inaonekana aliitia mara mbili. Watu zaidi ya mia walikula, wakamaliza, wakanawa, na hakuna hata mmoja aliyesema.

Watu wakishajua una umri fulani, hawakuulizi tena habari yako. Wanakuuliza siri. Walianza alipofika themanini na mitano hivi, na alipofika tisini na mitano wakawa wanakuja na simu za kumrekodi. Mpishi aliwapa kila mmoja siri yake. Mtangazaji mmoja wa redio aliambiwa kwamba hajawahi kunywa maji baridi, na wakati anasema hivyo alikuwa ameshika glasi yenye barafu. Mwalimu wa madrasa aliambiwa ni sala ya alfajiri. Kijana mmoja anayefanya mazoezi ya kunyanyua vyuma aliambiwa siri ni kutokukimbia. Mama mmoja mnene aliyetoka kugombana na mumewe aliambiwa, "Binti yangu, mie nikikasirika nalala," na akaondoka amefurahi sana.

Kisha akaja kijana muuza dawa kutoka Chamazi, akampiga picha bila kusema ya nini. Miezi miwili baadaye sura ya Mpishi, ile isiyo na nyusi, ilikuwa kwenye chupa za dawa ya kuongeza maisha. Kaka yangu Salum alipandwa na hasira, akataka twende polisi. Mpishi akaishika chupa, akaigeuzageuza, akainusa.

"Mwacheni," alisema. "Ila ninunulieni moja. Labda inafaa."

Mie nilimuuliza mara moja tu, tumekaa uani tunachambua mchele, hakuna mtu mwingine. Hakunitania. "Siri haipo, mwanangu. Wenzangu walikula nilichokula, waliswali niliposwali. Wengine walikuwa wazuri kuliko mie. Labda nimesahauliwa tu."

Halafu akaninyooshea kidole kwa sababu nilikuwa nimeliacha jiwe kwenye mchele.

Kuhusu marafiki alikuwa na utaratibu wake. Kundi la kwanza, akina baba, liliisha. Akaanza jingine la watu waliokuwa wadogo kwake, wacheza drafti wa pale kwenye genge. Nalo likapukutika. "Mie marafiki nishabadilisha mara nne," alinambia, "kama matairi." Kundi la mwisho lilikuwa la watu wa umri wangu, na aliwalalamikia mno. Kila saa wanazungumzia magoti. Saa nane mchana wanataka kulala. Hawana ubishi. Hata hivyo alijifunza nyimbo zao, akajua timu zao, akajua nani ana sukari na nani ana presha. Juhudi ile sikuielewa nilipokuwa kijana. Sasa ninapoona namba za simu ninazozifuta, naielewa. Kuanza urafiki mpya ukiwa na miaka tisini ni kazi kubwa kuliko kupika sufuria kumi, maana lazima umsimulie mtu maisha yako yote upya, na yeye hakumjua hata mmoja unayemtaja.

Habari ya bucha pia tusiisahau. Alikuwa amegombana na mwenye bucha fulani kuhusu nyama ya harusi, miaka mingi kabla hajahamia kwetu. Mwenye bucha alifariki. Bucha likawa duka la vitenge, kisha saluni, kisha duka la dawa. Mpishi aliendelea kuzunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele yake. Nilipomwambia kwamba yule mtu alishafariki zamani, alinijibu, "Najua. Nilimpikia hitma. Lakini hajaniomba radhi."

Mwanawe mkubwa alikuwa askari magereza, akastaafu, akajenga palepale Ukonga, karibu na gereza. Alikuja kila mwezi kumwona baba yake. Miaka ya mwanzo alikuja anatembea kikakamavu. Miaka ya mwisho alikuja na fimbo, anashuka kwenye bajaji kwa awamu: mguu, fimbo, mguu wa pili, pumzi.

"Shikamoo baba," alisema, akiinama mpaka mgongo unalia.

"Marahaba. Mbona umevaa shati jepesi na kuna upepo? Huna sweta?"

"Baba, mie nina miaka sabini na saba."

"Ndiyo maana nasema vaa sweta."

Siku moja mwanawe huyo alikaa na mie barazani baada ya kukaripiwa kuhusu chumvi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzito ya kuita majina kwenye mistari. "Dada yangu," alisema, "nampenda baba. Lakini mie sijawahi kuwa mzee. Kwenye kikao cha ukoo naambiwa ningoje wakubwa waseme. Mjukuu wangu anaoa, wananiruka, wanakuja kumwomba baba idhini huku. Wenzangu niliostaafu nao wanaitwa mzee, wanaachiwa viti. Mie natumwa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na nikimtangulia, nani atamweleza?"

Chai ikapoa mbele yetu.

Alipofika themanini na minane Mpishi akaoa. Bibi harusi alikuwa mjane wa Mbagala, miaka sitini na mitatu, mwenye kazi ya kukodisha vyombo vya shughuli. Walijuana kwenye kazi: yeye analeta masinia, Mpishi anayajaza. Walikuwa wamegombana kuhusu vifuniko vilivyopotea kwa karibu miaka ishirini, na ugomvi ule, inaonekana, ulikuwa una jambo lingine ndani yake. Watoto wa bibi harusi walicheka kwanza, kisha wakakasirika. Binti yake mkubwa alisema mbele yetu sote, "Mama, huolewi, unaajiriwa kuuguza. Utakuwa mjane mara ya pili kabla hina haijafutika."

Bibi harusi akajifunga khanga vizuri. "Nionyeshe mume mwenye hati ya kuishi," alisema, "niolewe na huyo."

Waliishi pamoja miaka tisa katika chumba cha uani. Hakumuuguza. Walikuwa wanabishana kuanzia adhana ya alfajiri, wanapika pamoja, wanasikiliza taarabu ya redio kwa sauti ambayo ilibidi nikaombe ipunguzwe, mie mwenye nyumba, kama mama mkwe mkorofi. Wote wawili walinona. Kisha mkewe akapata uvimbe tumboni, na kutoka siku ya kujua mpaka siku ya kumzika hazikupita wiki sita.

Nilikuwa pembeni siku ya msiba Mpishi aliposimamishwa mbele ya watoto wa marehemu. Alikuwa na miaka tisini na saba. Wao walingoja atoe shukrani au dua. Alisimama pale na ule uso wake wa kushangaa, akasema:

"Nisameheni. Sikukusudia kumzidi kuishi."

Yule binti mkubwa, aliyesema habari ya hina, ndiye aliyekwenda kumkumbatia.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo siipendi.

Mama naye alifariki, nyumba ikabaki ya kaka Salum na mie. Salum alikuwa anaishi Wazo, amebanana na familia yake kwenye vyumba vya kupanga, vumbi la kiwanda cha saruji likiwaingilia madirishani. Alitaka tuvunje uani, tujenge fremu za biashara na vyumba vya watoto wake juu. Haikuwa tamaa. Alikuwa na watoto watano na mishipa iliyokaza kila mwezi ukifika mwisho. Lakini uani kulikuwa na ahadi ya baba.

"Baba alisema akae mpaka Mungu atakapomchukua," nilimwambia.

"Baba alidhani Mungu ana haraka," alijibu Salum.

Tukangoja. Sipendi kuandika neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Salum alingoja waziwazi, mie nilingoja kwa adabu. Nilimpelekea Mpishi chai, nikamfulia mashuka, nikamuuliza kifua kinaendeleaje, na mara nyingine, alipojibu kwamba hajambo, niliona kitu kidogo ndani yangu kinakunja uso. Sikumchukia. Ningejitolea damu kwa ajili yake. Nilichotaka ni kwamba atimize makubaliano.

Mwaka wa thelathini wa ukaaji wake, miezi michache tu baada ya kumzika mkewe, homa ya mapafu ilimwangusha. Akalazwa. Wiki ya pili daktari alituita, akatuambia tujiandae. Siku iliyofuata Salum alikuja na fundi, wakaanza kupima uani. Mie ndiye niliyeshika ncha ya futi. Tulipiga vigingi, tukafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kamba moja ilipita mbele ya mlango wa Mpishi, urefu wa goti.

Alirudi siku ya kumi na tano tangu alazwe. Hatukuambiwa. Tulisikia bajaji, tukatoka, tukamwona mwanawe wa Ukonga anamteremsha, amekonda amebaki mikono tu. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo kamba hakuiona. Iligusa miguu yake. Akainama, akaishika, akaifuata kwa mkono taratibu, kigingi cha kwanza, cha pili, akauzunguka ua mzima mpaka kamba ikamleta ukutani kwa chumba chake. Salum alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mmeacha nafasi ya jiko la nje?" aliuliza Mpishi.

"Baba mkubwa..." nilianza.

"Iacheni. Tena upande huu, sio ule. Baba yenu alikosea, moshi wote unaingia ndani."

Akaivuka kamba, akaingia kulala.

Kesho yake asubuhi nilivitoa vigingi mwenyewe. Salum hakunizuia. Hatukuzungumza tena habari ya fremu, na mwaka uliofuata Salum akaanguka bafuni kwa presha, hakuinuka. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Siku ya arobaini Mpishi aliletewa kiti karibu na masufuria, akawa anaelekeza kwa pua. Nilipomsogelea alinishika mkono. "Kaka yako alikuwa na haki yake," alisema. "Nilimkawiza." Nilitaka kumwambia hapana. Lakini alikuwa mtu wa kazi, hakupenda kudanganywa kuhusu vipimo. Wajukuu wa baba yangu, watoto wa Salum, niliwaita wakae na mie nyumba kubwa, tukabanana. Wawili kati yao walijifunza kupika.

Mpishi alifariki juzijuzi tu, usingizini, na kuhusu hilo sina la kusimulia. Alilala, hakuamka, tulimzika vizuri. Ninachotaka kusimulia ni habari ya jicho.

Alikuwa na miaka mia moja na miwili. Ule ukungu machoni ulikuwa umekuwa ukuta. Alitutambua kwa sauti na kwa harufu. Mie, alisema, nilinukia karatasi. Madaktari wa macho wakaja kupima watu pale mtaani kwetu, wakamtazama, wakasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, haichukui hata saa moja. Mwanawe wa Ukonga akaitisha kikao.

"Baba," alisema, "kwa umri huu, jicho la nini?"

"La kuonea," alisema Mpishi.

"Namaanisha, kuna faida gani? Mateso tu. Labda mwaka mmoja, labda..."

"Nikwambie kitu." Mpishi aliweka kikombe chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake chai ikiwa bado ya moto. "Daktari aliponambia miezi, nilikaa miaka mitatu bila kununua shati. Nilikuwa nasema, la nini, nakufa. Nilikuwa nakataa kila kitu. Viatu, la nini. Redio, ya nini. Miaka mitatu nzima nimevaa matambara na afya yangu! Ujinga ule siurudii. Nipelekeni."

"Na nani atakuuguza?"

Nikasema nitachukua likizo.

Hospitalini dada wa mapokezi alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, akahangaika na kompyuta, akamwita mwenzake. Orodha ya miaka haikufika alikozaliwa Mpishi. Mwisho wakamwandikia ule wa mbali kuliko yote uliokuwapo, na kwa hesabu hiyo akawa na miaka tisini na miwili kamili.

"Wamenipunguzia kumi," alininong'oneza, amefurahi. "Usiwaambie. Nitaitumia."

Wakamfanyia upasuaji. Asubuhi iliyofuata nilimrudisha kufunguliwa bandeji. Chumba kilikuwa kidogo, kiti kimoja tu, dirisha linatazama barabarani. Alikaa, mie nikasimama ukutani na mkoba wangu. Nilikuwa nimechoka, usiku ule wote nilikuwa nimemzuia asijikune. Muuguzi alikuwa msichana mdogo mwenye kucha nyekundu. Akambandua plasta polepole, akafuta, akasema, "Haya babu, fungua taratibu."

Alifungua. Machozi yakamtoka kwa mwanga. Akaitazama mikono ya msichana, akasema, "Nyekundu." Akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akainua kichwa, akaniona.

Alinitazama muda mrefu. Mara ya mwisho kuniona sawasawa nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nywele nyeusi, mwembamba, natembea mbiombio. Nilimwona anamtafuta yule mtu. Alinipita, akarudi, akanipita tena, akatazama mlangoni kama labda yuko nje.

"Niko hapa, baba mkubwa," nilisema.

Sauti ilimfikia. Akauleta uso wake karibu, akanyoosha ule mkono wake mrefu, akanigusa shavuni, kisha kwenye nywele zilizochungulia chini ya mtandio, nyeupe zile ambazo nilikuwa nazipuuza.

"Umezeeka," alisema.

Muuguzi akacheka, akaziba mdomo. Nami nilicheka. Nilicheka sana, mpaka nikagundua kwamba nimeshika ukuta na mashavu yangu yameloa. Nilikuwa karani, dada, shangazi, mwenye nyumba, binti wa watu fulani ambao wote walikuwa udongoni, na kwa miaka mingi nilimhesabu yeye tu, kila mwaka wake, na wala sikuwa nimehesabu wangu.

"Ndiyo," nilisema. "Nimezeeka, baba mkubwa."

"Lini?"

"Ulipokuwa huoni."

Akafikiri. "Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuta wali umeungua wakati yeye ameangalia pembeni. Kisha akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama. Muuguzi alimkimbilia, yeye akamsogeza kwa kiwiko.

"Kaa, mwanangu," alinambia. "Umesimama tangu tulipoingia."

"Baba mkubwa, wewe ndiye..."

"Kaa."

Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Yeye akasimama nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, akaegemea kuelekea dirishani, akaanza kunisimulia barabara ya nje kama vile ni mie nisiyeona: mama wa machungwa, kavaa njano, bodaboda hana kofia, msichana anakula ice cream asubuhi yote hii, mawingu upande wa kule, lakini si ya mvua.